Namba Saba Kwenye Orodha ya Marehemu

Siku nilipokabidhiwa cheti cha shule ya jioni nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane na goti moja bovu, na watu wa kwetu hapa Toronto walinipigia makofi mpaka nikadhani paa la ukumbi linaondoka. Halafu wakanipa adhabu. Wao waliiita heshima, lakini mimi adhabu naijua. Nimefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege miaka kumi na sita.

"Mwaka huu kijitabu ataandika msomi wetu," alisema mwenyekiti wa chama.

"Ngumbaru oyee!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaitikia oyee.

Hicho kijitabu lazima nikieleze. Kila Novemba, wiki ileile ambayo Wakanada wanabandika ua jekundu kifuani kuwakumbuka askari wao, sisi tuliotoka kule karibu na mpaka wa Uganda tunakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja huku Rexdale. Tunakunywa chai ya tangawizi, tunakula sambusa, halafu yanasomwa majina ya watu mashuhuri wa kwetu waliokufa mwaka wa sabini na nane, vita vya Kagera vilipotufikia mlangoni. Jina likisomwa tunasimama, tunanyamaza kidogo, tunakaa. Majina yenyewe ni kumi na mawili, kwa hiyo tunasimama na kukaa mara kumi na mbili, na kwa goti langu hilo ni sawa na kupanda mlima Kilimanjaro na mzigo kichwani.

Mashuhuri kwa nani, msiniulize. Yumo mkunga aliyezalisha nusu ya wilaya, na hiyo nusu nyingine inasema ilizaliwa vibaya kwa sababu hakuwapo. Yumo refa wa mpira aliyeogopwa kuliko polisi. Na yumo namba saba, ambaye ndiye hasa watu huja kumsikiliza. Maneno yake kwenye kijitabu hayakuwahi kubadilika: "Mpiga tarumbeta wa bendi ya mji. Adui alipovuka mpaka, alisimama kilimani akapuliza tarumbeta mpaka kijiji kizima kikaamka na kukimbia. Aliuawa tarumbeta likiwa mdomoni. Mwili haukupatikana."

Hapo watu hutoa leso. Mimi hutoa mbili. Mwaka ule nilikuwa mtoto wa mgongoni, sikumbuki hata mbu, lakini mama yangu aliniambia maisha yake yote kwamba alilisikia tarumbeta lile, akaruka nami gizani kabla hajavaa viatu. Kwa hiyo namba saba kwangu hakuwa jina tu. Mimi nilikuwa hai kwa pumzi zake.

Sasa, mwalimu wetu wa historia pale shule ya jioni, mwanamke mwembamba asiyecheka, alitufundisha jambo moja ambalo nililishika kama Maandiko: usiandike neno juu ya marehemu kabla ya kumwuliza mtu aliyekuwapo. Basi nikaazimia kijitabu changu kiwe na ushahidi kamili. Kila marehemu, shahidi wake. Nilipiga simu nyingi mpaka sikio likavimba, sikudanganyi, lilivimba likawa kama andazi.

Shahidi wa namba saba alikuwa dada yake mkubwa, mama mmoja wa Brampton ambaye sisi sote tunamwita Shangazi. Yeye ndiye aliyeleta jina hilo kwenye chama tangu mwanzo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kama ni habari ya sambusa, waambie mwaka huu sikaangi."

"Si sambusa. Ni habari ya marehemu mdogo wako. Nataka kujua alisimama upande gani wa kilima, alivaa nini, alikuwa na nani."

Nikasikia kijiko kinawekwa juu ya sahani.

"Kwa nini usimwulize mwenyewe?"

"Nani, Shangazi?"

"Yeye. Si unampeleka hospitali kila Jumanne?"

Akakata simu.

Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyepewa samaki hai. Jumanne nampeleka mtu mmoja tu duniani: Babu wa ghorofa ya kumi na moja, jirani yangu hapo kwenye jengo letu la Kipling, mzee mwenye figo mbovu. Siku nyingine humpeleka wengine, Jumanne ni zamu yangu. Babu huyu amehudhuria chai yetu kila mwaka tangu nimfahamu. Huketi meza ya mwisho karibu na mlango. Namba saba anaposomwa, na yeye husimama kama sisi, tena huvua kofia.

Jumanne ikafika. Nilikuwa nimepanga kuanza taratibu, kwa hekima, kama msomi. Tulipofika kwenye taa za kwanza nikasema, "Babu, wewe umekufa?"

Akatazama nje ya dirisha. Basi la abiria likapita, akalisubiri lipite lote.

"Amekwambia," alisema.

"Ameniambia nikuulize."

"Basi umeuliza. Nimekufa. Twende, mashine haisubiri."

Sikuendesha vizuri siku hiyo. Nilipita njia ya kutokea mara mbili, na kila niliporudi yeye aliendelea na habari pale alipoishia, kana kwamba tunazunguka ili amalize. Nilichokusanya ni hiki. Bendi ilikuwa imekwenda kupiga kwenye harusi ng'ambo ya mto, upande wa mpaka. Adui akaingia alfajiri. Watu wakatawanyika. Kesho yake tarumbeta lake likaokotwa kwenye nyasi, yeye hayupo. Miezi ikapita, vita vikasonga mbele, yeye bado hayupo. Mama yake akasema mwanangu hawezi kulala nje, lazima azikwe.

Kwetu, mtu asipopatikana, hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likaoshwa, likavikwa sanda, likazikwa na kuliliwa kama mwili. Si mchezo. Matanga hukaa, nywele hunyolewa, watu hula. Walizika mgomba wakaweka tarumbeta kifuani pake.

"Mgomba wenyewe ulikuwa wa ndizi gani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Ndiyo njia yangu ya kuchanganyikiwa.

"Wa pombe," alisema Babu. "Nilisikia hilo baadaye, likaniuma. Hata wa kupika hawakutoa."

Yeye wakati huo alikuwa amekimbia kuvuka mipaka miwili, yuko mji mwingine wa nchi nyingine, anapiga tarumbeta la kuazima kwenye baa. Akapata habari kwamba kwao amezikwa shujaa. Hakuandika barua. Miaka mitano baadaye ndipo akarudi nyumbani kwa miguu, na mjomba wake akamsimamisha kwenye migomba kabla hajafika uani: simama hapo, wewe umezikwa. Mtu aliyezikwa akirudi haingii mlangoni. Hutobolewa tundu nyuma ya nyumba, akaingizwa humo kama anazaliwa, na mwanamke aliyemlilia kwenye matanga ndiye amnyoe, amlishe kwa mkono, amwite jina lake upya. Bila hivyo ni marehemu anayetembea. Waliomlilia kwa haki hiyo walikuwa wawili, mama na dada. Mama alikuwa ameshakufa. Dada alikuwa ameolewa mbali, na baadaye akaja Kanada.

"Ukamfuata huku?"

"Nilikuja kwa njia yangu. Nilipomwona kanisani nikasema Dada, ni mimi. Akaniambia Mama alikufa akinililia, na mimi nilikuwa nafanya muziki. Akageuka. Wiki iliyofuata akapeleka jina langu kwenye orodha yenu."

Tulikuwa tumeegesha. Hakushuka. Alishika ukanda wa kiti kwa mikono miwili.

"Kufa kwenyewe sikuogopi, mwanangu. Lakini mimi matanga yangu yalishaliwa. Nikifa, nani atanililia? Mtu aliyemaliza kunililia ni yule, na machozi yale alishayatumia kwenye mgomba. Nitatolewa hapa kama boksi."

Nimefanya kazi na maboksi miaka kumi na sita. Nilimfungulia ukanda.

"Na tarumbeta, Babu? Kilimani ulipuliza?"

"Nilikuwa kijana, niliogopa. Nadhani nilipuliza mara moja, kwa hofu tu, halafu nikalitupa nikakimbia. Au nilipiga kelele mimi mwenyewe, sijui. Kilima hakikuwapo. Ni tambarare pale."

Sasa nikaingia kwenye fujo ya kichwa ambayo cheti hakikunitayarisha. Niliwapigia wazee wa chama mmoja mmoja. Wote walijua! Mwenyekiti alijua, mke wake alijua, mzee wa kukagua chai alijua. Miaka yote tunasimama na kuvua kofia, mjinga peke yangu.

"Kwa nini hamkusema?" nilimwuliza mwenyekiti.

"Tuseme nini? Mwenye kufiwa kasema kafiwa. Wewe utambishia?"

"Lakini mtu mwenyewe anakula sambusa!"

"Sasa umnyime?"

Nikarudi kwa Shangazi, safari hii mimi mwenyewe, mpaka Brampton, nikakaa jikoni kwake nimeshika kijitabu cha mwaka jana. Nikamweleza habari ya matanga na machozi, na hofu ya mzee. Aliniacha nimalize. Alikuwa anachambua mchele, naye aliendelea kuchambua.

"Shangazi, niandike amekufa au yu hai?"

"Andika kama ulivyokuta."

"Na akifa kweli?"

"Alishakufa kweli. Mimi nilinyolewa kichwa hiki. Mama alikuwa anakwenda posta kila Ijumaa, wanamfukuza, anarudi. Wewe unajua posta yetu ilivyokuwa mbali? Barua moja tu. Nenda, mwanangu, rafiki zako wanakusubiri." Sikuwa na rafiki yeyote aliyenisubiri. Nilitoka hivyohivyo.

Ilikuwa Jumanne, wiki moja kabla ya chai, ndipo ulimi wangu ulipofanya kazi ambayo akili yangu haikuweza. Wanaonijua wanajua mimi mvua ikidondoka naona gharika. Ni ugonjwa, ninao tangu utoto. Siku hiyo Babu alipotolewa kwenye mashine alisimama, akayumba, akakaa chini. Wauguzi wakamlaza, wakapima, wakasema shinikizo la damu limeshuka, atapumzika saa chache. Hayo ndiyo waliyosema, kwa utulivu kabisa. Mimi nilichoona ni mzee mweupe kama unga. Nikatoka chumbani mpaka kwenye ujia, nikampigia Shangazi.

"Shangazi, kimbia! Babu ndiyo hivyo, anakata roho! Madaktari kumi wamemzunguka!"

Walikuwa wauguzi wawili, na mmoja alishaondoka.

Nikasikia kilio. Si kilio cha huku, cha leso na kwikwi. Ni kile cha kwetu, kinachoanzia tumboni na kupanda, na maneno ndani yake. "Mwana wa mama yangu! Niliyekubeba mgongoni nikienda kisimani! Umeniacha na nani, umeniacha na nani!" Niliiweka simu mbali na sikio, na mtu aliyekuwa akisubiri lifti akageuka. Kilio kile kiliendelea, nikasikia mlango wa gari, nikamsikia mwanawe akisema mama funga mkanda, na kilio kikaendelea.

Alifika amevaa khanga juu ya koti la baridi na malapa miguuni, theluji kidogo ikiwa imeshikamana vidoleni. Mwanawe alikuwa nyuma, anahema. Nikawaongoza mpaka chumbani.

Babu alikuwa ameketi kitandani anakula jeli nyekundu kwa kijiko cha plastiki.

Shangazi akamtazama. Akanitazama mimi.

"Huyu ndiye anayekata roho?"

"Alikuwa anakata, Shangazi. Akaacha."

Alinipiga na mkoba. Nilistahili, na nasema bila kutia chumvi kwamba mkoba ule ulikuwa na kilo arobaini za chuma. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Dada," alisema Babu.

"Usiniite Dada. Nimelia kutoka Brampton mpaka hapa. Nilikulilia kumbe hujafa, na leo nimekulilia tena, tena hujafa! Mimi ni mwanasesere wako?"

Babu akaweka kijiko chini polepole.

"Kwa hiyo umelia."

"Huoni macho haya?"

"Nilidhani yalikwisha."

Shangazi akatafuta kiti, akakaa bila kukiangalia, akakosa kidogo, mwanawe akamshika. Alikaa muda akitazama ile jeli.

"Barua moja," alisema. Sauti ilikuwa imekauka sasa.

"Ningeandika nini, Dada? Kwamba nilitupa tarumbeta nikakimbia?"

"Ungeandika hivyohivyo. Mama angesomewa hivyohivyo, angecheka mpaka akae chini. Wewe ulikuwa mwoga tangu unazaliwa, nani hakujua? Kuku alikuwa anakufukuza."

Muuguzi akaingia na karatasi, akauliza nani ndugu wa mgonjwa, maana kwenye fomu nafasi ile ilikuwa tupu siku zote. Mimi nilitazama viatu vyangu. Shangazi akainua mkono kama mwanafunzi, akasema kwa Kiingereza chake cha vipande vipande: mimi, ni dada yake. Akataja jina lake herufi kwa herufi, taratibu, ili liandikwe sawa.

Jumamosi tukaenda kumzaa mzee Brampton.

Tatizo likawa tundu. Nyumba ni ya mwana wa Shangazi, ukuta wake ni wa matofali mapya, na kijana akasema kwa heshima kwamba anaheshimu mila lakini ukuta hautobolewi. Nikapendekeza gereji.

"Mlango wa gereji ni mlango," alisema Shangazi. "Nimesema haingii mlangoni."

Likabaki dirisha la besimenti, kile chumba cha chini alichompangisha mwanafunzi mmoja kutoka Punjab. Mwanafunzi akaombwa ruhusa. Hakuelewa kitu, kama mimi, lakini alikuwa na moyo mwema, akazima jiko lake na kupanda juu ya kiti. Basi mimi nikamsukuma Babu kutoka nje, nimepiga magoti kwenye theluji na goti langu bovu, na mwanafunzi akamvuta mabega kutoka ndani, na mzee katikati akilalamika kwamba mara ya kwanza alizaliwa kwa raha zaidi.

"Kaza!" Shangazi alisema kutoka ndani. "Kichwa kimetoka, kaza!"

Akatokea. Wakamketisha kwenye kiti. Wembe haukupatikana, kwa hiyo Shangazi alimnyoa kwa mashine ya umeme ya mwanawe, ambayo hakuwahi kuishika, akamwachia mistari kama shamba la viazi. Kisha akamlisha matonge matatu ya ndizi zilizopondwa, kwa vidole vyake, na akamwita kwa jina lake. Jina lenyewe siliandiki hapa, si langu. Alilisema mara tatu, na mara ya tatu Babu akaitika "Naam" kama mtoto aliyeitwa kutoka uani.

"Haya," Shangazi alisema, anafuta mikono. "Ukifa nitakulilia mara ya tatu. Lakini hiyo ndiyo ya mwisho. Usizoee."

Kilichobaki kilikuwa kijitabu. Shangazi akasema ondoa namba saba, na shahidi ni mimi. Babu akasema acha, kwa sababu kuna watu walioamka usiku ule kwa jambo fulani, na kama si yeye basi ni nani? Nikamwambia mama yangu alisikia tarumbeta, aliapa kwamba alisikia. Babu akanitazama kwa hamu, mdomo wazi kidogo.

"Alisikia mara ngapi?"

"Hakusema, Babu."

"Ungemwuliza," alisema.

Mama yangu ni marehemu. Sikumwuliza. Mwalimu wangu angenikata alama.

Mwishowe niliondoa maneno yote ya namba saba, nikapeleka kuchapishwa kwa haraka, na kwa haraka hiyo nikasahau kupanga namba upya. Kwa hiyo kijitabu changu cha kwanza, kazi ya msomi, kinatoka sita kinaruka nane. Watu walinicheka wiki nzima. Ngumbaru hajui kuhesabu.

Siku ya chai mwenyekiti alisoma namba sita, yule refa. Tukasimama, tukakaa. Akageuza ukurasa, akasita, akatafuta saba kwa kidole, na ukumbi mzima ukasita naye. Wengine walikuwa wameshanyanyuka nusu, wameshika meza, hawajui wasimame au wakae. Mimi nilikuwa mmojawapo. Mpaka leo sijui tulipaswa kufanya nini.

Aliyesimama wima alikuwa mmoja tu, si kwenye meza ya mwisho karibu na mlango, bali katikati, kando ya sahani ya sambusa ambazo Shangazi aliapa hatazikaanga. Kofia mkononi, kichwa kina mistari.

Shangazi akamvuta koti.

"Kaa chini, wewe," alisema. "Chai inapoa."